Methali na Mizani ya Mantiki

Mwanadamu hujulikana kwa usemi wake, na usemi hujulikana kwa fikira iliyo ndani yake. Maneno mengi yasiyo na fikira ni kama dau lililotweka tanga pasipo usukani: laenda kweli, na huenda likaenda kwa kasi, lakini halijui liendako. Watu wa pwani wamejaliwa wingi wa maneno na utamu wake. Swali la insha hii ni moja tu: nani aushikaye usukani?

Msomaji mpenzi, iko elimu ambayo kazi yake ndiyo hiyo, na jina lake ni mantiki. Neno hili tumelipata katika Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililozaa neno nutuku, ambalo maana yake ni kusema. Basi kwa asili ya jina lake, mantiki haiko mbali na ulimi. Ni adabu ya kusema kwa kufuatana. Mgiriki Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 na kufa mwaka 322 kabla ya Kristo, ndiye aliyeitia elimu hii katika utaratibu, na vitabu vyake juu ya jambo hili vilipokusanywa vilipewa jina la Organon, yaani chombo. Wanazuoni wa Kiislamu waliipokea wakaihesabu miongoni mwa elimu za ala, pamoja na nahau. Na Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikiita kimoja cha vitabu vyake juu ya hoja Mizani Iliyonyooka. Chombo na mizani: majina haya mawili yatosha kukuonyesha kuwa mantiki si pambo la wasomi. Ni kitu cha kufanyia kazi, kama vile mizani ilivyo kitu cha kazi kwa muuza samaki wa Gazi.

Sitakwenda Ugiriki kutafuta mifano. Nitaichukua katika pwani ya kusini ya Kenya, toka Likoni hadi Diani, Msambweni na Shimoni. Kwani hapo, kama mahali pote pasemwapo Kiswahili, hoja nyingi hubebwa na methali. Mzee akitaka kumaliza shauri barazani hutoa methali. Mwanafunzi akitaka makofi katika mdahalo hutoa methali. Nami nataka tuzichukue methali tatu tunazozijua sote, tuziweke juu ya mizani, tuone uzito wake. Sitaki kuzivunjia heshima. Nataka kujua zinaweza kubeba nini, na nini zisitwikwe.

Kwanza tukiri wema wao. Methali ni akiba ya watu waliotangulia. Maneno manne au matano yameshika maarifa ya miaka mingi. Hukumbukwa upesi, huelezeka kwa mtoto na kwa mkongwe, na mara nyingi hutuliza hasira ambayo hotuba ndefu ingeizidisha. Lakini akiba hiyo ina vitu vya kila namna. Husema, Penye wengi hapaharibiki jambo. Tena husema, Manahodha wengi chombo huenda mrama. Husema, Haraka haraka haina baraka; tena husema, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu mvivu wa kufikiri huchagua ile impendezayo, akaitupa kama karata ya mwisho. Mtu mwenye mantiki huuliza: kila moja yafaa wapi? Ataona kuwa wengi hufaa wakati wa kutafuta shauri, kabla chombo hakijang'oa nanga. Na nahodha mmoja hufaa wakati wa kutekeleza, dhoruba ikiwa imekwisha kuwafika. Basi methali hizo hazigombani. Sisi ndio tuligombana kwa kuzitoa mahali pake.

Sasa tuishike methali ya kwanza kati ya zile tatu: Vyote ving'aavyo si dhahabu. Kila mtu aielewa, na hakuna aliyepata hasara kwa kuitamka. Walakini ukiitazama neno kwa neno, yasema kwamba hakuna kitu king'aacho ambacho ni dhahabu; na hilo si kweli, kwani dhahabu yenyewe yang'aa. Iliyokusudiwa ni nyingine: si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Neno dogo si limehama nafasi moja tu, na maana imegeuka kabisa. Katika methali kosa hili halidhuru, kwa sababu sote twajua makusudi yake. Lakini tuseme katika baraza la kijiji kimoja cha Kwale msemaji asimame aseme, "Wakazi wote hawakulipwa fidia." Je, hakuna hata mmoja aliyelipwa, au wako waliolipwa na wako waliokosa? Wasikilizaji watakwenda majumbani na habari mbili mbalimbali, kila mmoja akiapa kuwa ameyasikia maneno hayo kwa masikio yake, nao wote watakuwa wakweli. Mwenye mantiki angesimama kwa adabu akauliza, "Bwana, wasema si wote, au wasema hakuna?" Swali moja la namna hiyo laweza kuokoa kijiji na ugomvi wa mwaka mzima.

Wala usidhani kuwa jambo la wote na baadhi ni mchezo wa wanasarufi. Mwezi wa Agosti 1997 ghasia zilizuka Likoni, zikaenea katika sehemu za Kwale, na watu wengi waliotoka bara wakauawa au kufukuzwa makwao. Ghasia hizo zilikuwa na sababu nyingi, za siasa, ardhi na kazi, na insha fupi haiwezi kuzimaliza. Lakini angalia njia ambayo manung'uniko hupita hata yakawa panga. Mtu huanza na kauli ambayo yaweza kuwa kweli: baadhi ya wageni wamepata ardhi au kazi kwa upendeleo. Kisha baadhi hudondoka njiani, ikabaki: wageni wametunyang'anya. Kisha humwangukia jirani mmoja mwenye duka lake dogo: huyu ni mgeni, basi ametunyang'anya. Na upande wa pili, askari naye huweza kupita njia iyo hiyo: baadhi ya vijana wa hapa walishika silaha, huyu ni kijana wa hapa, basi mkamateni. Misingi miwili hiyo haizai natija hiyo. Kutoka katika baadhi hupati huyu. Neno lililodondoka njiani lilikuwa neno moja tu, lakini lililipiwa kwa damu.

Methali ya pili ni hii: Dalili ya mvua ni mawingu. Mvuvi wa Shimoni na mkulima wa mihogo wa Lungalunga wote huitumia, na yafaa sana. Hapawi na mvua pasipo mawingu. Lakini je, kila penye mawingu pana mvua? Hata mtoto ajua kuwa sivyo. Mawingu hutanda asubuhi, hukusanyika, huleta giza na tumaini, kisha hupeperushwa na upepo, na ardhi ikabaki kavu. Basi kauli kwamba kila mvua ina mawingu haikupi haki ya kuigeuza useme kila wingu lina mvua. Kugeuza huku ni kosa maarufu katika mantiki, na tunalifanya kila siku pasipo kujua.

Uzito wake utaonekana tukiihamisha hoja hiyo kutoka mbinguni hadi uani kwa watu. Katika kaunti za Kwale na Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na imepata kuandikwa katika magazeti kwamba wako wazee wapakao mvi zao rangi nyeusi kwa hofu. Katika nchi ya Wasukuma, huko Tanzania, wanawake vikongwe waliuawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu. Na wekundu huo uliletwa na moshi wa meko waliyoyapikia maisha yao yote. Iweke hoja ya wauaji juu ya mizani uione: wachawi wana macho mekundu, bibi huyu ana macho mekundu, basi bibi huyu ni mchawi. Hoja hii haina tofauti na kusema: kuku ana miguu miwili, mwalimu ana miguu miwili, basi mwalimu ni kuku. Darasa zima litacheka kwa hoja ya pili. Lakini sura yake ni ile ile ya kwanza, ambayo haimchekeshi mtu.

Angalia vizuri kuwa hapa hatukuhitaji kuamua kama uchawi upo au haupo. Mtu aaminiye kuwa upo, na asiyeamini, wote wawili hulazimika kukiri kuwa hoja hiyo haimfikii bibi yule. Vivyo hivyo na hoja nyingine isikikayo sana: bibi alipita uani, na usiku ule mtoto akaugua, basi bibi ndiye sababu. Kufuatana si kusababishana. Uliza: ni siku ngapi bibi alipita na mtoto asiugue? Ni watoto wangapi waliugua pasipo bibi kupita? Katika nchi yenye mbu na maji machafu, watoto huugua mara nyingi. Na katika kijiji chenye nyumba zilizokaribiana, wazee hupita uani kila siku. Mambo mawili yatokeayo mara nyingi hayakosi kukutana. Anayejua kuuliza maswali hayo mawili huenda akaokoa roho ya mtu.

Methali ya tatu ndiyo niionayo nzito kuliko zote: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wema wake ni kutuonya tusipuuze habari. Moshi ukionekana, yafaa kutazama kama pana moto. Lakini wengi hawaitumii kuwa onyo la kutazama. Huitumia kuwa ruhusa ya kutotazama. Kwao, kusemwa kwa jambo ni ushahidi wa jambo.

Ipime sasa. Jambo likitokea, methali imeshinda, kwa kuwa lilikuwapo. Jambo lisipotokea, methali haikushindwa, kwa kuwa laja. Mwaka ukipita, bado laja. Miaka kumi ikipita, bado li njiani. Basi hapana tukio hata moja duniani ambalo laweza kuionyesha kuwa ya uongo. Huenda ukadhani kuwa hiyo ndiyo nguvu yake, lakini ndio udhaifu wake. Kauli isiyoweza kukosea haituambii lolote, ni kama mtabiri asemaye, "Kesho mvua itanyesha, au haitanyesha." Tena kama kila lisemwalo lipo, basi na ile methali nyingine, Kusikia si kuona, nayo imesemwa, kwa hiyo nayo ipo, na ikiwapo, yatuambia tusiamini kwa kusikia tu. Hivyo methali ya kwanza, ikishikwa kwa nguvu zake zote, yamfungulia mlango mpinzani wake mwenyewe. Sisemi tuitupe. Nasema itumike kufungua uchunguzi, wala isitumike kuufunga. Mwenye kusikia kwamba jirani fulani ni mwizi na aseme, "Limesemwa, basi tutazame," wala asiseme, "Limesemwa, basi tumpige."

Hapa yafaa nikuonye juu ya hatari ya mtu aliyejifunza mantiki nusu. Huyo akiisha kujua majina ya makosa, huona raha kuvunja hoja za wenzake, na kila avunjapo moja hudhani ameuthibitisha uongo wa jambo lenyewe. Hilo nalo ni kosa. Hoja ikianguka, jambo lililotegemezwa juu yake halianguki lazima. Huenda lina nguzo nyingine.

Mfano mkubwa uko katika pwani yetu hii ya mashariki ya Afrika. Mwingereza Richard Burton alisafiri katika nchi ya Wasomali mwaka 1854 na 1855, akachapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1856. Humo alitaja kuwa watu wa huko walisema kuumwa na mbu huleta homa kali. Yeye aliliita neno hilo ushirikina, akaeleza kuwa huenda lilizuka kwa sababu mbu na homa huzidi wakati mmoja. Tazama msomaji: Burton alijua kabisa kuwa kutokea pamoja si kusababishana, na katika hilo alikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa kupita mpaka. Kutoka katika "haijathibitishwa" aliruka hadi "ni ushirikina." Mwaka 1880 daktari Mfaransa Laveran, akiwa Algeria, aliviona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa, na mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliviona katika tumbo la mbu. Wale waliodharauliwa walikuwa wamesema kweli. Hawakuwa na uthibitisho, lakini walikuwa na kweli. Na mambo hayo mawili ni mbalimbali.

Turudi Diani. Pale pana msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda ambayo mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mgeni aingiaye hufungwa kaniki, nguo nyeusi, na hutakiwa kushika masharti ya wazee. Kijana mwenye elimu nusu huweza kusema: "Msitu huu ulilindwa kwa ajili ya mizimu, mimi siamini mizimu, basi hapana sababu ya kuulinda." Lakini sababu iliyowafanya watu waanze kulinda kitu na sababu za kukilinda leo si lazima ziwe moja. Msitu huo ni hifadhi ya miti na ndege ambao mahali pengi pa pwani wamekwisha toweka. Ni kumbukumbu ya watu. Ni kivuli na rutuba ya ardhi. Mtu asiyeamini mzimu hata mmoja huweza kuulinda kwa sababu hizo. Aukatae msitu akitaka, lakini kwanza azijibu nguzo zote, si ile aliyoiona dhaifu kuliko zote.

Lazima pia tuseme mantiki isichoweza. Sikiliza hoja hii: samaki wote wana magamba, mkunga ni samaki, basi mkunga ana magamba. Kufuatana kwake hakuna ila. Misingi ikiwa kweli, natija haina pa kukimbilia. Lakini mvuvi yeyote wa Msambweni aliyemshika mkunga kwa mkono wake atakuambia kuwa mwili wake ni utelezi mtupu, na hana magamba. Kosa haliko katika mfuatano. Liko katika msingi wa kwanza. Mizani hupima uzito wa samaki, lakini haimvui baharini. Kwa hiyo anayejifunza mantiki asijifungie chumbani pamoja nayo akaacha kuuliza wavuvi, wakunga, wakulima na madaktari. Elimu ya kufikiri haiondoi haja ya kujua mambo, huizidisha.

Na sasa nikuambie, msomaji kijana, namna ya kuitumia elimu hii utakaposimama katika mdahalo wa shule. Tuseme mada ni hii: "Mgodi wa titani umeiletea Kwale faida kuliko hasara." Mgodi huo ulianza kutoa madini mwaka 2013, ukakoma mwishoni mwa mwaka 2024, basi ni jambo lenye mwanzo na mwisho, na laweza kupimwa. Kabla ya kutoa hoja hata moja, uliza maneno haya yana maana gani. Faida ni fedha, au barabara, au shule, au ujuzi walioupata wafanyakazi? Kwale ni nani: serikali ya kaunti, mwenye duka, au mkulima aliyehamishwa katika shamba la minazi ya babu yake? Hasara yahesabiwa mpaka lini, mpaka siku mashine ziliponyamaza, au mpaka ardhi itakapoota tena? Wanafunzi wengi hupigana saa nzima, kumbe upande mmoja wasema fedha na wa pili wasema makaburi ya wazee, na hawajakutana hata mara moja.

Swali la pili ni: tumejuaje? Kila msingi uulizwe alikotoka: ni wa kuona, wa kusoma, au wa kusikia? Swali la tatu ni: je, natija yafuata? Na kabla ya kumjibu mpinzani, yarudie maneno yake kwa haki, mpaka mwenyewe akubali kuwa hivyo ndivyo alivyosema. Anayemjibu mtu kwa maneno ambayo hakuyasema amejenga mtu wa makuti akampiga, na ushindi wake ni wa makuti. Wala usimjibu mtu kwa kabila lake, umri wake au nguo zake. Mtu mbaya huweza kusema kweli, na mtu mwema huweza kukosea. Hoja yataka kujibiwa kwa hoja.

Ukiyafanya hayo, huenda usipate makofi siku zote. Mwenzako aliyetupa methali tamu kwa sauti nzuri aweza kushangiliwa, nawe ukaonekana mtu wa maswali mengi. Usivunjike moyo. Mdahalo wa shule hudumu saa moja, lakini mazoea ya akili hudumu maisha yote. Ipo siku utakuwa barazani, au mahakamani, au katika kundi la watu wenye hasira usiku, na mtu atasimama aseme neno litakalowapeleka wote mahali pabaya. Siku hiyo atahitajiwa mtu mmoja aulize kwa utulivu, "Wote, au baadhi? Tumejuaje? Na je, yafuata?" Jizoeze sasa, ili mtu huyo awe wewe.